Aliyetokea Nyuma ya Nyaruach

Nyawal, mpiga picha, alibana shuka jeupe ukutani mwa studio yake kwa vibanio vya nguo, akamfuta Nyaruach jasho puani, akamwambia atulie. Picha ilikuwa ya kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nyakong, binti wa pekee wa Nyaruach, alikuwa anaolewa Lodwar Jumamosi, na harusi bila mama, jamani, ni harusi gani?

Kamera aliinunua Lodwar kwa Abdimajid, muuza vitu vya mtumba. Si ya mabingwa wala si ya kuchezea. Ni ya mtu anayependa picha hasa, yenye lenzi ya kubadilisha na kioo kinachogonga ndani ukibonyeza. Kasoro yake ni moja tu: shuka hailioni. Nyuma ya kila mtu inaweka kwao alikotoka. Wateja walishazoea, wengine walikuja kuangalia tu kama paa bado lipo.

Nyuma ya Nyaruach palitokea zizi lake, ng'ambo ya mpaka, na marehemu mumewe Gatkuoth amechuchumaa akikamua ng'ombe.

"Mama yangu!" Nyaruach akasema. "Mwanaume mzima anakamua!" Kwa Wanuer, mwanaume aliyekwisha kuchanjwa paji la uso kuingia utu uzima hakamui, hiyo ni kazi ya wanawake na watoto. "Hana aibu huyu?"

"Nani amkamulie, mama?" Nyawal akasema. "Wanawake wote si mko huku?"

Nyaruach akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Karani wa vibali aliirudisha picha dirishani. "Nyuma pawe peupe. Hapa kuna ng'ombe."

"Na mume wangu."

"Huyo naye atoke."

Walirudia na kurudia, Gatkuoth hakutoka, Jumamosi ikafika. Nyaruach akaja studio amevaa gauni la kwendea harusini, akaketi bila kuambiwa.

"Nipige, mwanangu. Na wewe Baba Nyakong, mtoto wako anaolewa leo, umesikia?"

Safari hii Gatkuoth alikuwa ameacha kibuyu cha maziwa, amejipaka majivu, anaruka akicheza, mikono juu mithili ya pembe za ng'ombe. Nyaruach akaridhika kabisa. "Sasa ndiyo mume wangu!"

Picha ikatiwa kwenye bahasha, ikapanda gari la Lodwar. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi waliwashusha wasio na vibali, wakafungua bahasha, wakawatazama Nyaruach na mumewe pichani, wakawaruhusu kupita. Nyaruach alikuwa kambini, akicheza na majirani.