Mkono wa Abu Thamir

Mkono wake ulipanda. Haukupanda kwa kusitasita kama wa mtu anayeona haya. Ulipanda wote, na saa ya dhahabu ikateleza hadi karibu na kiwiko. Mtambo wa kura ulikuwa umekufa asubuhi ile, kama ulivyozoea kufa kila penye kura ya moto, na Spika akaamuru wabunge wapige kwa mikono. "Wanaoupinga mswada," alisema. Mimi nilikuwa roshani, kiti cha mbele kabisa. Kazi yangu katika chama cha raia wanaofuatilia bunge ilikuwa hiyo tu: kutazama nani kanyanyua mkono, kisha kuwaambia watu waliomchagua.

Mswada wenyewe haukuwa na mafumbo. Mgonjwa wa figo asiye na bima angesafishwa damu bure, kwa haki yake, bila kumpigia mtu magoti. Kaka yangu Muhannad alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Kila barua yake ya msamaha wa gharama za hospitali ilipokwisha muda, baba alivaa joho lake la harusini na kwenda kuketi sebuleni kwa mbunge wetu, Abu Thamir, kuomba nyingine. Sebule ile haikukosa watu hata siku ya mvua. Nilipouona mkono ule juu nikaelewa papo hapo, na nikamchukia kwa moyo wangu wote. Siku wagonjwa watakapotibiwa kwa haki, nani tena atakwenda kumbusu bega?

Mswada ukaanguka. Chama chetu kikatangaza majina ya waliouangusha, na lake likiwamo, ingawa Ijumaa iliyopita aliapa mlangoni mwa msikiti wetu kwamba angeupigania.

Nilidhani mji utamgeukia yeye. Mama alinipigia simu kabla sijatoka bungeni.

"Umetufanyia nini, Rudaina? Binti wa ukoo anamvua nguo mtu wa ukoo, tena hadharani?"

"Mama, alipiga kura ya kumuua Muhannad."

"Ni huyo huyo Muhannad ninayemsemea, mjinga wewe. Rudi nyumbani."

Nilirudi. Alhamisi alasiri wazee wa ukoo wakaja kwa msafara, majoho mabegani, Abu Thamir katikati yao. Sisi wanawake tulikaa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo. Kahawa ikamiminwa. Sheikh Mitab, mkubwa wao, alikipokea kikombe, hakukipeleka mdomoni; alikiweka chini kwenye zulia mbele yake. Wote wakaweka vyao. Nilikuwa nimeona wazee wakifanya hivyo kwa kuposa, nikaona wakifanya hivyo kwa kuombea msamaha wa damu iliyomwagika, lakini kwa kura sikuwa nimeona. Wageni wakiondoka na kahawa haijanywewa, mwenye nyumba hatakuwa tena na uso wa kuwaonyesha watu.

"Abu Muhannad," akasema Sheikh Mitab, "kahawa yako hatuinywi mpaka utupe tulichokifuata."

"Semeni, ami," baba akajibu.

Abu Thamir ndiye aliyesema, kwa sauti laini kabisa. "Mimi sina ugomvi na Rudaina. Yule ni mwanangu. Roshani iko mbali, na macho humdanganya mtu. Basi ijulikane hivyo tu, yaishe."

Kupitia ule mwanya nilikiona kisogo cha baba, na nilimwomba Mungu ageuke aniulize, maana nilikuwa hatua chache tu nyuma yake. Hakugeuka. Alikuwa anamtazama Muhannad, aliyeketi ukutani, uso umemvimba, mkono wake wa sindano ameuficha ndani ya kanzu.

"Kunyweni kahawa yenu," baba akasema. "Msichana ana macho mabovu tangu utotoni. Kosa ni langu, sikumpeleka kwa daktari."

Wakanywa. Niliwasikia wakifyonza, kisha wakicheka, kisha wakimwombea baba maisha marefu. Mama alinikamata mkono, nikadhani ananifariji. Alikuwa ananizuia nisitoke.

Ukoo ukatoa tamko gazetini. Chama chetu, ambacho tayari kilikuwa na maadui wa kukitosha, kikalifuta jina la Abu Thamir na kunipa likizo isiyokuwa na mwisho. Wiki ile ile dereva wake akaleta barua mbili: ya kwanza ya figo za Muhannad, ya pili ya macho yangu. Baba alinikabidhi yangu bila kuniangalia.

"Nenda, binti yangu. Watauliza."

Daktari alinisomesha herufi mpaka mstari wa chini kabisa, ule mdogo kama sisimizi. "Macho yako ni mazima kuliko yangu," akasema.

"Nipe miwani."

"Ya nini?"

"Ya baba."

Alinipa ya vioo vitupu. Naivaa mpaka leo, kwa sababu barua ya Muhannad nayo huisha na kuombwa upya. Muhannad yu hai, na namshukuru Mungu kwa hilo bila kinyongo. Lakini yeye ameiamini habari ya macho yangu kuliko wote. Nadhani hana budi kuiamini, maana damu yake inapita humo.

Uchaguzi uliopita alipanda ngazi kutundika bango la Abu Thamir kwenye kibaraza chetu, mimi nimemshikia ngazi. Lilikuwa bango kubwa, uso mtupu na tabasamu.

"Limekaa sawa?" akauliza.

"Limelalia kushoto. Vuta huku kidogo."

Alinitazama kutoka kule juu, akaitazama miwani, na nikaona kwamba ananihurumia, tena kwa mapenzi ya kweli. Akanyoosha shingo kuelekea ng'ambo ya barabara, alikokuwa Umm Wisam, bibi kizee mwenye mtoto wa jicho, akianika nguo kwa kupapasa kamba.

"Shangazi! Hebu nitazamie wewe. Limenyooka?"

"Limenyooka, mwanangu. Zuri sana."

Muhannad akakaza kamba.