Picha Zisizo na Mwenyewe

Diski ilianza kugonga kabla chai haijapoa. Ta-ta-ta. Kimya. Ta-ta-ta.

"Hiyo sauti ni ya kawaida?" Dada akauliza.

"Kwa saa ya ukutani, kawaida kabisa," akajibu Spana. "Kwa diski, hapana."

Spana ni jina alilobandikwa utotoni, enzi alipokuwa akifungua kila kilichofungwa na kushindwa kukifunga tena. Siku hizi ana stashahada yake ukutani, mvi za kuhesabika kidevuni, na chumba cha kutengenezea kompyuta kinachotosha wateja wawili, mradi wasiwe wamenuniana. Jumamosi hiyo mlango alikuwa ameurudishia, maana wateja walikuwa wa nyumbani. Mmoja ni dada yake, mwalimu wa hesabu, mtu aliyezoea kuuliza na kujibiwa. Wa pili ni mama yao, aliyekamata kiti kizuri pekee na kuanza kufuma kitambaa bila hata kukiangalia.

Diski ilikuwa ya marehemu baba yao. Mzee alikuwa mpiga picha. Nusu ya mtaa ilipita mbele ya pazia lake la bluu, na mpaka leo watu hao wananing'inia kwenye sebule zao, wamekaza shingo. Yeye mwenyewe hakuning'inia popote. Kinyozi hajinyoi. Simu aliikataa pia: "Simu haipigi picha," alikuwa akisema, "inakusanya ushahidi." Picha zake za zamani za filamu zilioza ndani ya boksi, chini ya paa lililovuja. Ikabaki moja tu, ya kitambulisho, ambayo hakuipiga yeye, na mtu akiiangalia anajua.

Ndiyo iliyowaleta pale. Wiki iliyopita Mama alikuwa amewaambia, kwa sauti ya mtu anayesema sukari imekwisha:

"Nikifumba macho nimkumbuke baba yenu, ananijia yule wa kitambulisho. Ananikodolea kama kakamatwa na kuku wa watu. Mume wangu mwenyewe sijui kaenda wapi."

Dada akakumbuka picha moja. Siku wazazi walipotimiza miaka thelathini ya ndoa, Mzee aliitega kamera ijipige yenyewe, akakimbia kukaa kando ya mkewe. Dada aliiona kwenye kompyuta ya Mzee kwa macho yake. Haikuwahi kuchapwa.

"Picha moja tu, mdogo wangu. Fungua, ichukue, twende zetu."

"Dada, huyu ni mgonjwa. Mgonjwa humwambii abebe mizigo kwanza ndiyo umpeleke hospitali. Nanakili diski nzima kwenye hii mpya, halafu picha tutaitafuta kwenye nakala. Kila tukimchokoza huyu, tunamla siku zake."

Waya alikuwa ameshaubadilisha, kwa sababu waya ndiye mwizi anayeshukiwa kwanza. Umeme alikuwa ameipa wa peke yake. Feni ilikuwa inaipepea kama bibi harusi. Mstari wa kijani ukatambaa vizuri kwenye skrini, ukatambaa, ukasimama. Ta-ta-ta.

"Imekwama," Dada akasema.

"Imefika pabovu. Na hii programu ni tiifu mno. Imekutana na neno lisilosomeka, sasa inalirudia lilelile, kama mtoto mbele ya mwalimu mkali."

"Mwalimu gani?"

"Simtaji. Yupo karibu."

Mama akachekea puani.

"Kuna mtu shuleni kasema ukiitia kwenye friza inapona," Dada akasema.

"Huyo mtu anafundisha au anauza samaki? Ikitoka humo inatoka na umande tumboni. Tutakuwa tumeiua na kuiosha hapohapo."

Alisema hivyo akicheka, lakini jicho lake halikutoka kwenye ule mstari. Akaisimamisha kazi, akaiacha diski ipoe. Kisha akachukua programu nyingine, ile isiyong'ang'ania, akaiambia ianze mwisho wa diski irudi nyuma, na ikikuta pagumu iruke, isibishane. Ng'ombe akigoma kuingia kwa kichwa, unamwingiza kinyumenyume.

Mstari ukaondoka. Wote watatu wakashusha pumzi.

Kusubiri kunafungua midomo. Wakaanza kuikumbuka studio: harufu ya poda, kitana kilichofungwa kwa kamba kisije kikaondoka na mteja. Na lile koti! Koti moja la studio lililovaliwa na mtaa mzima. Mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mnene alishauriwa alishike tu mkononi, kama mtu anayetoka safari.

"Kazi ya vibanio ilikuwa yangu," Spana akasema. "Yule mwenye bucha nilimbana na ngozi. Akatoka kwenye picha na uso wa waziri."

"Kidevu chini, roho juu!" Dada akaigiza sauti ya Mzee, na kwa kitambo chumba kikawa na watu wanne.

Nakala ilipofika pale pabovu ikaruka, ikamaliza ilichoweza. Spana akaitenga diski ya Mzee pembeni, akaifungua nakala. Folda tatu: WATEJA, NYUMBANI, YATIMA.

"Nyumbani," Dada akasema, kidole tayari kwenye kioo.

Ilikuwepo. Pazia la bluu likatokea juu, kisha kilemba cha Mama, kisha nywele za Mzee na upara wake mdogo. Halafu kijivu. Kijivu kitupu mpaka chini, kama mtu kamwaga saruji.

"Imemkata kwenye paji la uso," Dada akasema taratibu.

"Kipande kilichobaki kimelala kwenye ile sehemu mbovu. Nikiibana tena diski, ama inatoa, ama inakufa."

"Vingine vyote vilivyosomeka unavyo?"

"Ninavyo."

"Basi ibane."

Spana akamwangalia mama yake. Sindano za kufumia zilikuwa zimesimama. Mama akaitikia kwa kichwa, mara moja.

Spana akaigeuza diski kichwa chini, maana wengine hukubali kusema wakilazwa upande wa pili. Ikanguruma. Ikagonga. Ikatoa sauti nyembamba, kama kijiko kinachokwangua sufuria, na ikanyamaza. Spana akaiwekea kiganja, vile unavyompima mtoto homa. Ndani hakukuwa na kitu kinachozunguka.

"Samahani, Mama."

Dada akageukia ukutani, akawa anaisoma stashahada kama hajawahi kuiona. Spana, mwenye mzaha wa kila mteja, akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Na hao yatima ni nani?" Mama akauliza.

"Ni watoto wa kituo fulani, nafikiri," akajibu Spana. "Mzee si alikuwa akipiga picha za bure?"

"Kituo gani? Hao ni wa kwetu." Mama akaanza kutabasamu. "Baba yenu, mteja akipiga chafya au akifumba macho, alimrudia. Ile mbovu haifuti. Namwambia futa, unaujazia mtambo takataka. Ananiambia: mke wangu, picha nzuri ina mwenyewe, atakuja kuichukua. Mbovu ni yatima. Nimtupie nani?"

Spana akafungua. Zikamwagika, nzima, kwa mamia. Bibi harusi katikati ya chafya. Mtoto anaanguka kutoka kwenye kigoda, mikono ya mama yake imechelewa. Mwenye bucha anajikuna sikio, uwaziri haujamfikia bado.

Na kila baada ya wateja wawili watatu, Mzee.

Kumbe kabla ya kumkalisha mtu, alikuwa anakaa kigodani yeye kwanza, kamera imetegwa, apime taa. Picha za majaribio. Hazikuwa na mteja wa kuja kuzidai, akazipeleka kwa yatima wenzao. Mzee katoa ulimi. Mzee ndani ya koti, kibanio mdomoni. Mzee anapiga miayo. Mzee anamgombeza mtu aliye nje ya picha.

"Huyo ananigombeza mimi," Spana akasema.

Mama akakiburuta kiti mpaka mezani. Uzi ulianguka, hakuuokota. "Hiyo," akasema.

Mzee alikuwa anacheka. Kichwa kimerushwa nyuma, nusu ya upara iko nje ya picha, mkono mmoja umegeuka ukungu, macho yamefungwa kabisa.

"Mama, hiyo kafumba macho," Dada akasema. "Ile nyingine katulia vizuri, angalia."

"Huyo aliyetulia simjui."

"Siku hizi kuna programu," Spana akasema. "Namfumbua macho sasa hivi."

"Mfumbue uone nitakavyokufumba wewe. Mtu wangu akicheka, macho yanafunga duka. Ichapeni hivyohivyo, na kubwa."

Kisha akaegemea kiti, akafumba macho yake mwenyewe. Spana akaizima feni. Dada akavumilia kidogo, lakini ualimu una shida zake.

"Yupo?" akanong'ona.

"Yupo," Mama akasema, bila kufumbua. "Na hata haoni kama namwangalia."