Sura ya Tisa Haikatwi

Usiku wa kuamkia mkutano wa Wana-Radi, Atupele Mwaisumo alilala akiwa amenuna, na ndoto ikamkuta vivyo hivyo, amenuna.

Wana-Radi ni wasomaji wa Mbeya wanaokipenda kitabu kiitwacho Wachunga Radi. Humo mna nchi ya milimani ambako watu hufuga radi kama ng'ombe: huzifunga kamba, huzilambisha chumvi, huziita kwa majina. Kampuni moja ya filamu ilikuwa imetangaza kwamba itakitengenezea kitabu hicho filamu, na kwamba wasomaji wenyewe watapendekeza mwongozaji. Tangu siku hiyo hapakukalika. Watu waliozoea kuazimana vitabu walianza kupishana sokoni kama hawajuani. Atupele, mwalimu wa jiografia, alikuwa hasemi na kaka yake wa tumbo moja, Ipyana. Kaka alimtaka mwongozaji maarufu wa filamu za mapigano, na mwongozaji huyo alikwisha kusema redioni kwamba sura ya tisa ataiondoa kwa kuwa haina aksheni.

Ni kweli haina. Katika sura ya tisa, Nangoma, mchungaji mkuu, ameshindwa vita na radi zake zote zimeibwa. Anarudi kwa mama yake. Mvua inanyesha. Mama na binti wanamenya maharage mabichi, basi. Hakuna anayesema neno mpaka sura inakwisha. Mama yao Atupele na Ipyana, alipokuwa mgonjwa, aliomba asomewe sura hiyo tu, na walipoimaliza akaomba tena. Ndiyo maana Atupele alinuna.

Katika ndoto mkutano ulikuwa umeshaanza, na mwenyekiti alikuwa kiti. Kilikuwa kile kiti cha turubai cha kukunja, wanachokalia waongozaji wa filamu. Kilisimama mbele ya ukumbi na hakuna aliyekikalia.

"Mwalimu, umechelewa," Kiti akasema. "Tunapiga kura."

Atupele akatazama. Kura zilikuwa zimepanga mstari ukutani, nyeupe, fupi kama watoto wa chekechea, na wajumbe walikuwa wakizipiga kwa fimbo. Zilizolia zilihesabiwa.

"Kwa nini mnazipiga?"

"Kura hupigwa," Kiti akasema. "Au ungependa zipikwe?"

Kura moja ikamvuta Atupele upindo wa gauni. "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni ya kwako. Zamu yangu inakaribia."

"Marahaba. Kaa nyuma yangu," akaiambia, kisha akainua sauti. "Hii haipigwi na mtu."

Kiti akalikohoa vumbi la turubai, akaendelea kana kwamba hakusikia. Wagombea walikuwa wawili, akasema: Jenereta na Mkasi.

Jenereta alisimama kwanza. Alinguruma mpaka chokaa ikadondoka darini, akaahidi mlipuko katika kila sura, hata kwenye ukurasa wa shukrani. Watu wakampigia makofi huku wameziba masikio.

Mkasi akafuata. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tai, na kila alipopiga hatua zulia lilichanika. Nyuma yake alikuja Ipyana amembebea mkoba.

"Kitabu ni kirefu," Mkasi akasema. "Kata."

Aliposema hivyo, katibu, aliyekuwa akisema "Ndugu wajumbe, naomba utulivu," akabaki na "Ndugu waj." Akaketi, ameridhika kabisa.

"Kaka," Atupele akaita. "Na wewe unambebea huyu mkoba?"

"Atu, acha ukaidi," Ipyana akajibu. "Filamu haiwezi kusubiri maharage yaive."

"Hayapikwi, Kaka. Yanamenywa tu. Umeshasahau?"

Ipyana akatazama mkoba.

"Sura zote ziingie," Kiti akaamuru.

Zikaingia kwa mpangilio. Zilikuwa sura kweli, nyuso tupu zisizo na miili, zinaelea kimo cha mtu. Ya kwanza ilikuwa na nyusi nene na haraka ya kujitambulisha. Ile ya vita kuu iliingia ikipiga kelele, ikakaripiwa. Ya tisa ilikuwa ya mwanamke wa makamo, imelowa mvua. Haikuwa sura ya mama yao. Atupele aliiangalia vizuri akahakikisha. Ila ilinyamaza kama yeye.

"Hii," Mkasi akasema, akapanua miguu.

"Kanuni iko wazi," Kiti akasema. "Sura isiyo na pa kukaa inakatwa."

"Basi itakaa kwangu," Atupele akasema.

Akapita katikati ya wajumbe, akaichukua sura ya tisa kwa mikono miwili, akaivaa juu ya yake. Ilikuwa ya baridi, na ilimwenea. Minong'ono ikazuka ukumbini kwamba mwalimu ana sura mbili.

"Ninazo," Atupele akawajibu. "Na hakuna hata moja ninayoitoa."

Mara ukumbi hauko. Ni shamba la chai Tukuyu, kijani mpaka upeo wa macho, na Atupele anakimbia katikati ya mistari, kura yake mkononi. Hashangai. Nyuma anasikia kwa! kwa! kwa! Mkasi anamfuata, anaacha michai imepunguzwa vizuri sana. Wachumaji wa chai wanamshukuru anapopita. Kando anakuja Kamera, ana miguu mitatu, anachechemea.

"Simama tupige picha!" Kamera anaita.

"Leo hampigi mtu wala picha!"

Anasukuma mlango uliokuwa hapo katikati ya chai, anaingia. Ni jiko la mama yao. Kigoda kipo, ungo upo, maharage mabichi yamejaa kwenye kapu. Nje mvua inaanza. Wote wanaingia nyuma yake, wanajibana ukutani, wanakung'uta maji.

"Haya, tufanye kiungwana," Mkasi anasema. "Mimi si katili. Sura hiyo ikionyesha aksheni, naiacha."

Atupele anakaa kigodani, anachukua ganda la kwanza, analibana, linapasuka. Maharage yanadondoka kwenye ungo.

"Fanya kitu," Mkasi anasema.

"Nafanya."

"Lia basi."

"Silii."

"Kimbia, hata kidogo."

"Kuna mvua," Atupele anasema, na hasemi tena. Anahisi sura ya tisa imekaza juu ya uso wake, haiogopi, na yeye haogopi.

Jenereta anaamua kusaidia. Ananguruma, analipua dirisha, analipua mlango, analipua mlango mara ya pili. Atupele anamenya. Jenereta anakohoa, mafuta yanamwishia, analala na mdomo wazi.

"Kata!" Mkasi anafoka.

Hakuna kinachokatika. Neno huwa na katikati, ndiyo maana hukatwa. Kimya hakina katikati.

"Kata! Kata!"

Safari hii anakata mvua. Kila tone linagawanyika mara mbili, na vipande vyote viwili vinaendelea kunyesha.

Kamera amesogea. Ameinamisha jicho lake karibu kabisa na ungo. "Jamani, nyamazeni," ananong'ona. "Naona kitu."

Ipyana anaweka mkoba chini. Haombi radhi, na hakuna anayemdai. Anachuchumaa upande wa pili wa ungo, anachukua maharage, anaanza kumenya ovyo ovyo, akianzia mkiani kama alivyofanya siku zote. Atupele anamsogezea kapu. Mama angemwambia aanzie kichwani. Hakuna anayemwambia.

Kwa muda mrefu kuna mvua tu, na mlio mdogo wa maganda.

"Nimepata kutu," Mkasi akasema mwishowe, kwa staha. Miguu yake ilikuwa imepanuka na haifungi tena. "Nani ana mafuta?"

Hakuna aliyekuwa na mafuta.

Kiti akajikunja, akapenya mlangoni, akajikunjua mbele ya Atupele. Alikuwa amelowa na heshima yake imepungua kidogo.

"Mwalimu, tumalize. Unamchagua nani, Mkasi au Jenereta?"

"Simchagui yeyote."

"Kanuni haina yeyote."

"Ibadilisheni. Yeyote atakayeiacha mvua inyeshe na watu wakae kimya, huyo aje nimchague. Hata kama hajulikani. Hata kama hana tai."

"Tutakufuta uanachama."

"Nifuteni. Sura hii nilipewa na mama yangu kabla ninyi hamjaanzisha chama."

Kiti akalia kwenye maungio yake. Watu wote jikoni wakangoja. "Kama ni hivyo," akasema, "anayekataa hupigwa muhuri. Hiyo ni kanuni na haina njia nyingine."

"Uleteni."

Muhuri akaja mbio, mfupi, anahema, wino wa bluu unamtiririka mashavuni. Atupele akafuta mkono wake wa kulia kwenye gauni, akaunyoosha.

"Itauma?" akauliza.

"Sijui, mwalimu," Muhuri akasema. "Tangu nichongwe, hakuna aliyewahi kukataa."

"Piga."

Akapiga.

Atupele alizinduka simu inaita. Kumekucha, jua limeingia chumbani mpaka kwenye chandarua. Jina lililoandikwa kwenye simu lilikuwa la mtu ambaye hawajasemeshana tangu ugomvi ulipoanza.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba." Ipyana akajikohoza. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya sukari. "Atu, wewe wamekupiga mkono gani?"

Atupele akautoa mkono chini ya shuka. Nyuma ya kiganja, kwa herufi za bluu zilizokaa upande kidogo, paliandikwa AMEKATAA.

"Wa kulia," akasema.

"Mimi wa kushoto. Nimeusugua kwa sabuni ya magadi tangu nimeamka, hautoki. Na leo ndiyo mkutano, na watu wote wanajua kura yangu niliahidi wapi. Nitawaambia nini?"

"Kaka, acha kusugua," Atupele akasema. "Vaa shati la mikono mifupi."