Jaribio la Maziwa

Vichupa vilikuwa arobaini na kimoja, vyote vya penisilini, vimeokotwa kwenye shimo la takataka la zahanati. Elizabeth Akiru alikuwa amechuchumaa nyuma ya darasa akivisugua kwa mchanga na majivu. Lori la maji lilikuwa halijaonekana kwa siku sita. Maji ya kusuuzia yalikuwa kikombe kimoja, na alikuwa akiyamimina kutoka kichupa hadi kichupa, yale yale, mpaka yakafika cha mwisho yakiwa na rangi ya matope. Hayo pia hakuyamwaga. Akanawia mikono.

Shule ilikuwa na maabara, mtu asije akaisingizia. Wazazi wa upande ule wa Leparua walitoa mbuzi, mbuzi wakauzwa, ukuta ukasimama, bati likapigwa, mgeni wa heshima akaja kukata utepe na kula mbuzi waliobaki. Kisha mlango ukatiwa kufuli. Mwaka huo wa themanini na nne, mvua ilipokataa kabisa, ndani ya maabara kulikuwa na magunia ya mahindi na maziwa ya unga ya msaada, na ufunguo ulining'inia kwenye mshipi wa Bwana Mutembei, hedimasta. Kemia ilifundishwa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa maabara hiyo hiyo. Saa tano kivuli kiliisha, na somo likaisha nacho.

Akiru hakulalamika sana. Alikuwa na ndimu za asidi na majivu ya alkali, alikuwa na maua ya zambarau ya kanisani ambayo maji yake yalibadilika rangi kwa vyote viwili, na vijiti vya kaboni alivyovitoa kwenye betri kuukuu za tochi. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wafugaji, watu wa kushika kitu ndipo waamini. Kumfundisha mtoto kemia kwa chaki peke yake, alikuwa akisema, ni kumsimulia mwenye njaa habari za nyama.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa na kidato cha nne na miaka minne ya kushika chaki kwa hisani ya kamati. Fomu ya kwenda chuo ilikuwa mezani kwa hedimasta ikingoja sahihi mbili: ya Bwana Mutembei, na ya inspekta atakayemwona akifundisha. Mwaka uliofuata angekuwa amepita umri wa kupokelewa. Inspekta alikuwa anakuja leo.

"Madam," Bwana Mutembei alimwita alipopita na kicha chake cha funguo, "leo sitaki aibu. Andika ubaoni, uliza maswali mawili matatu, wajibu, wakae. Bwana Dabasso akifurahi, ile fomu inapata saini leo leo."

"Watafanya jaribio, Bwana Mutembei. Kila mtoto na chupa yake."

"Jaribio gani na hakuna vyombo?"

"Vyombo viko." Akamwonyesha vichupa vilivyopangwa kwenye ubao kama askari wa gwaride.

Hedimasta akacheka. Kicheko chake hakikuwa kibaya. "Haya. Lakini usinifungulie mambo mingi."

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi, la kutafuta wanga katika chakula. Unatia kidogo ndani ya kichupa, unadondosha iodini, ile dawa ya vidonda. Kikiwa na wanga, rangi inakuwa buluu nyeusi. Kikiwa hakina, inabaki kahawia. Posho na kiazi vingegeuka. Chumvi, sukari na maziwa visingegeuka. Walikuwa wamelifanya wiki mbili kabla kwa maziwa ya mbuzi wa kina Lowoi, na maziwa yalipata rangi ya chai tu, kama inavyotakiwa.

Lowoi alifika mbio akiwa na kikombe kitupu. Alikuwa msichana mrefu wa kidato cha tatu, wa kwanza kwao kuvuka darasa la saba.

"Madam, mbuzi imekauka. Mama amekamua mpaka ikatoa damu."

Akiru akatazama barabara. Vumbi la Landrova lilikuwa limeshaonekana.

"Basi nenda jikoni, Kajuju akupatie ya shule."

"Ile?" Lowoi hakuondoka. "Ile inashikana kama uji, Madam."

"Maziwa ni maziwa. Kimbia!"

Yeye, binti wa watu waliolelewa na maziwa kabla ya kujua maji, ndiye aliyesema hivyo. Wanafunzi walikuwa wamenung'unika juu ya sufuria ile muhula mzima, na Kajuju mpishi alikuwa na jibu moja tu: ni maziwa ya wazungu, iko hivyo. Akiru naye alikuwa amekubali. Fomu ilikuwa imejaa kichwani, hapakuwa na nafasi ya sufuria.

Bwana Dabasso, inspekta, alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye suti ya kaunda na faili la ngozi. Kajuju akamwekea chai kwenye stuli, na birika dogo la maziwa kando yake. Hedimasta akasimama nyuma, mikono mgongoni.

Somo lilikwenda vizuri mno. Lowoi aliandika ubaoni kile walichotarajia, mwishoni kabisa akaandika: *Maziwa – hakuna wanga*. Watoto arobaini wakainama juu ya vichupa, ndimi nje, wakidondosha iodini kwa mirija ya kalamu zilizokwisha wino, wakifuta kichupa kwa kitambaa kabla ya chakula kingine. Posho ikawa nyeusi. Kiazi kikawa cheusi. Chumvi ikabaki kahawia, sukari ikabaki kahawia. Inspekta akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafungua kalamu yake. Akiru aliona kalamu ile ikifunguliwa, akaiona na sahihi.

Kisha maziwa. Lowoi akadondosha tone moja. Maziwa yakawa buluu nyeusi mpaka chini.

Akadondosha jingine, kana kwamba la kwanza lilikosea njia. Wenzake wakatazama chupa yake, wakatazama zao. Vichupa arobaini vilikuwa vyeusi.

"Hii ni nini?" Bwana Dabasso akauliza.

Lowoi akasimama wima kama walivyofundishwa. "Ni wanga, bwana. Iko unga ndani ya maziwa."

"Hapana. Iko makosa ndani ya jaribio."

"Ni dawa," Bwana Mutembei akadakia haraka. "Imeharibika na jua. Si ndiyo, Madam?"

Wote wakamgeukia Akiru. Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa limeshawekwa mdomoni mwake. Ilibaki kulitamka tu. Alikiona chuo, kitanda chake bwenini, cheti chenye jina lake. Akaona pia watoto arobaini ambao kwa muhula mzima alikuwa amewaambia wasiamini kitu mpaka wakipime.

"Mtu akishuku dawa anaipima," akasema. "Lowoi, tia kwa sukari tena."

Lowoi akatia. Kahawia.

"Dawa ni nzima. Sasa," akapiga hatua mbili mpaka kwenye stuli ya mgeni, akachukua lile birika dogo, "jaribu hii."

"Madam!" Bwana Mutembei akasema.

Lowoi alikuwa ameshamimina. Tone likaanguka, likatanda, na maziwa yakapata rangi ya chai. Hayakusogea zaidi ya hapo.

"Kajuju, dadangu," Akiru akauliza bila kumwondolea hedimasta macho, "hii ya mgeni umetoa gunia gani?"

Mpishi alishika aproni kwa mikono miwili. Alikuwa na watoto watano nyumbani, na kila mtu alilijua hilo. "Gunia ile ya nyumbani kwa hedimasta," akasema polepole. "Ile haichanganywi."

Mtu fulani nyuma akapiga mluzi.

Bwana Dabasso hakukasirika. Alifunga kalamu, akaifungua tena, akasema kwa upole wa mtu anayeeleza mambo kwa watoto wadogo: "Madam, kitabu chenu kinasema nini? Maziwa haina wanga. Darasa yako imepata wanga. Nani mkweli, kitabu ama chupa ya penisilini?"

"Kitabu kinasema juu ya maziwa, bwana. Hii si maziwa."

Akaandika. Akiru alisoma maneno yale juu chini, kwa kuwa mwalimu huzoea kusoma daftari kutoka upande wa pili wa dawati: *Hana ujuzi wa kuongoza majaribio.*

Bwana Mutembei alimvuta kando, karibu na mlango wenye kufuli. Hakupaza sauti. "Sikia, msichana. Hata sasa haijaharibika. Waambie wafute. Waandike, hakuna mabadiliko. Mimi nitaongea na huyu mzee, tutasema ulikuwa mgonjwa. Fomu yako naweka saini mbele ya macho yako."

"Na wao watakunywa nini kesho?"

"Watakunywa ile wamekunywa. Kuna mmoja amekufa?"

Akiru akarudi mbele ya darasa. Penseli zilikuwa zimesimama juu ya madaftari. Jua lilikuwa limeshakula kivuli chote, na watoto walikuwa wamefinya macho wakimngoja.

"Andikeni kile mmeona," akasema. "Kila mtu aandike yake, na aweke jina."

Penseli zikashuka. Hakuwahi kusikia darasa lake likiandika kwa kasi ile.

Mkono mtupu haulambwi, na Bwana Mutembei hakuwa mtu wa kumpa mgeni mkono mtupu. Landrova iliondoka saa saba ikiwa imeinama nyuma kuliko ilivyokuja. Barua ya kumfukuza Akiru ilitoka jioni ile ile. Ilisema kamati imesikitika kupoteza imani na uwezo wake katika somo la kemia. Madaftari ya kidato cha tatu yalikusanywa kwa ukaguzi, na hayakurudi. Lakini Lowoi alikuwa amechana ukurasa wake kabla, na alipofika nao mjini siku ya soko, wanawake wawili wasiojua kusoma walimtaka aurudie mara tatu.

Ndiyo maana Jumamosi, mbele ya chumba cha kupanga cha Akiru huko mjini, mtaa wa Chechelesi, kulikuwa na foleni. Wanawake walikuja na makopo, na vibuyu, na maziwa ya unga yaliyofungwa kwenye pembe za leso, yote kutoka kwenye mgao wa msaada uliogawiwa kutoka maabara ile ile. Akiru alikuwa na meza, chupa ya iodini na daftari jipya. Kila mmoja alidondosha tone lake mwenyewe, Akiru hakumfanyia mtu. Askari wa utawala alikuja saa tatu akauliza kama ana kibali cha mkutano. Akamjibu kwamba hili ni somo, na kama anataka kusoma ashike foleni. Askari akaenda kuuliza wakubwa.

Wa kumi na saba aliitwa Aule. Mgongoni alikuwa na mtoto wa karibu miaka miwili, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini.

"Ejoka, mwalimu."

"Ejok, mama. Weka kidogo hapa. Sasa dondosha."

Aule akadondosha. Hakushtuka; alikuwa ameona ya wenzake.

"Ni sumu?"

"Si sumu. Ni unga. Maziwa iko kidogo sana ndani."

"Nani ameweka?"

Akiru akamtajia majina, yote mawili, la mwenye ufunguo na la mwenye Landrova, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Watu kwenye foleni wakayarudia. Aule pia akayarudia, taratibu, kama mtu anayejifunza njia ya kwenda mahali.

"Nimesikia," akasema. "Hiyo majina sitasahau. Sasa nirudishie kopo yangu."

"Mama, hii haiwezi kumponya."

"Nyingine iko wapi?"

Akiru akavuta daftari. Akaandika: *17. Aule. Nyeusi.* Kalamu ilitoboa karatasi.

Aule alimshusha mtoto pale pale kando ya meza, akakoroga kwenye kifuniko cha kopo, akamshikia mdomoni. Mtoto alikunywa bila kupumua, akalamba kifuniko, akalia apewe tena. Mama akatazama ndani ya kopo. Mgao mwingine ulikuwa mpaka mwisho wa mwezi. Akachota kijiko, akarudisha nusu yake, akaongeza maji.