Swali la Bibi wa Mlangoni

Pale Kharumwa, ukitaka kumjua mtu usimuulize kabila wala dhehebu. Muulize kama ni wa Juu au wa Chini, halafu jisogeze pembeni, maana hilo jibu halijawahi kutolewa kwa upole.

Chanzo cha ugomvi ni gemu moja la zamani katika banda la Loveness, nyuma ya soko. Diski ilikuja na pleistesheni ya mtumba kutoka dukani kwa kina Mihir, Geita, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, enzi hizo banda likiwa bado la marehemu mama yake Loveness. Haina jalada wala jina. Maandishi yake ni ya Kijapani, ingawa wapo wanaoapa kuwa ni Kichina, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyasoma. Mihir alikuja siku moja akayapiga picha kwa simu ili yatafsiriwe. TV ya chogo ikacheza mistari, simu ikatangaza kwamba samaki wa mjomba hana viatu, watu wakacheka wiki nzima. Basi gemu likabaki kuitwa Pango, na yote yanayojulikana kulihusu yamepatikana kwa kubahatisha, kufa na kuanza upya.

Unapewa watu wanne, unawaandika majina unayotaka, unazunguka nao nchi nzima mkipigana na madudu, mpaka mnafika kwenye mlango wa pango. Hapo amesimama bibi kizee mwenye fimbo. Bibi anauliza swali, na majibu ni mawili, moja juu na moja chini. Ukibonyeza la juu, mlango unafunguka, mnaingia, na kwenye ngazi ya tatu yule tabibu wenu anaangukiwa na mwamba. Hafufuki tena, lakini hazina mnaipata. Ukibonyeza la chini, bibi anacheka na kuwarudisha kijijini mlikotoka, na safari ya saa mbili mnaianza upya. Nani mwenye saa mbili za kuchekwa?

Wa Juu husema ndivyo lilivyotengenezwa, dhahabu haitoki bila damu, na mchimbaji asiyejua hilo aende akalime mpunga. Wa Chini husema hakuna fundi anayejisumbua kuweka jibu la pili lisilofika popote. Kuna mashemeji wawili hawajasalimiana tangu Pasaka kwa sababu hiyo. Anayeshangaa watu wazima kugombania kitu kama hicho hajawahi kuulizwa swali asiloweza kulisoma na bado akatakiwa kulijibu.

Kalisti alikuwa wa Chini. Alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lisiwafunike wachimbaji, na alikuja maduarani akitokea Ushirombo akiwa na nguo alizovaa na shoka la baba yake. Enzi za ujana tabibu wake alimwandika Esta, jina la mchumba wake. Alimpoteza Esta kwenye ngazi ya tatu mara tisa, na kila mara alicheka. Kisha Esta mwenyewe, akiwa mkewe wa ndoa, akafariki kwa uzazi. Tangu hapo Kalisti hakumpa tabibu jina la mtu aliye hai, na hakutaka kuulizwa kwa nini.

Masalu, rafiki yake wa miaka yote hiyo, alikuwa wa Juu. Sasa ndiye aliyekuwa msimamizi wa duara lao, mtu mrefu asiyeachana na fimbo yake ya kupimia, na kila jioni walirudi mjini wakibishana kuhusu bibi wa mlangoni mpaka njia panda inapowatenganisha. Lakini mwezi huo ubishi ulikuwa umekwisha. Duara lilikuwa halijatoa kitu kwa miezi minne. Vijana walikuwa wakinong'ona, na Kalisti akitokea wanaanza kuongelea mpira. Jumapili Masalu na Enock, mtu wa winchi, waliondoka kwa bodaboda kwenda kwa mganga mmoja huko mbali. Waliporudi, Masalu alimpangia Kalisti kazi bila kumtazama usoni: Ijumaa asubuhi ashuke peke yake akabadilishe matimba ya njia ya tatu.

Alhamisi pampu ya maji iliharibika, kazi ikasimama, Kalisti akaenda zake bandani.

"Shikamoo, baba," Loveness alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niwekee faili la Masalu nione amefika wapi."

"Amefika mlangoni. Jana alikaa hapa mpaka nafunga, na hakubishana na mtu yeyote. Nikadhani anaumwa."

Faili lilifunguka. Watu wanne walikuwa wamesimama mbele ya bibi kizee, na majina yao yamepangwa chini ya kioo. Shujaa alikuwa MASALU. Waliomfuata walikuwa ENOCK na ABEL, watu wa duara lao. Na tabibu, yule wa kufa, alikuwa KALISTI.

Kalisti aliyasoma mara mbili, kama barua ya mahakama. Njia ya tatu, ngazi ya tatu, peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye nguo hiyo alikuwa ameivaa miaka ishirini. Aliogopa, na tuseme wazi, aliogopa kama anavyoogopa mtu mwingine yeyote. Mtu wa kanisani alikuwa, baba yake alikuwa katekista, lakini Esta naye alikuwa mtu wa kanisani.

Akaishika pedi. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kumtoa yule mtu mwenye jina lake pale mlangoni. Akabonyeza la chini.

Bibi akacheka, akawarudisha kijijini. Kalisti akaianza safari upya, akapigana na madudu yaleyale, akavuka mto uleule, na adhuhuri ilipita hajala. Watu walianza kujaa bandani. Wa Juu walimtania, wakisema mzee anatalii. Alipofika tena mlangoni akabonyeza la chini. Safari hii bibi hakucheka. Aligonga fimbo chini mpaka kioo kizima kikatikisika, akawarudisha tena.

"Hiyo sijawahi kuiona," mtu mmoja alisema, na utani ukakoma.

Ilipofika saa kumi banda lilikuwa limefurika hadi nje, na katikati yao walikuwemo vijana watatu wa duara lao, Enock mmojawapo. Kalisti alifika mlangoni mara ya tatu. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Akabonyeza la chini.

Bibi alinyamaza. Akailaza fimbo yake chini. Kisha akageuka, akaingia pangoni yeye mwenyewe, na mlango ukajifunga nyuma yake. Hazina ikabaki nje, kwenye nyasi, na watu wanne wakaichukua wakaondoka, tabibu akiwa wa mwisho, mzima.

Banda lililipuka. Wa Chini walikumbatiana, wengine walilia. Mzee mmoja alipiga simu Shinyanga kumweleza kaka yake, ambaye walikuwa wamebishana naye tangu simu za vocha ya kukwangua. "Kalisti yu hai!" watu waliimba, wakambeba juujuu. Kadi ya kuhifadhia mafaili ya gemu ilikuwa imejaa, hivyo Kalisti alikuwa amesevu juu ya faili la Masalu, tena kwa haraka, asije mtu akamrudisha mlangoni. Akiwa juu ya mabega ya watu aliona mambo mawili. Bibi hakuwa ametoka. Na Enock na wenzake hawakuwa wakishangilia. Waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Masalu alikuja jua likielekea kutua. Aliitazama TV, akayatazama majina, akamshika Kalisti mkono na kumpeleka nyuma ya banda.

"Umemtoa," alisema.

"Ulitaka nimwache? Uliniandika pale kwa makusudi."

"Kwa makusudi, ndiyo." Masalu alichora chora mchangani kwa ncha ya fimbo. "Mganga alitaka mtu. Mtu wa siku nyingi duarani. Vijana walikubali hata sijamaliza kuwaeleza. Wakalitaja jina lako kabla yangu."

Kalisti aliegemea ukuta wa banda.

"Nikabishana nao usiku kucha. Nikawaambia mwamba unataka jina na mashahidi, basi. Mwisho wakakubali. Leo jioni wangekuja wote kuona Kalisti anaangukiwa na mwamba mbele ya macho yao, na mambo yangeishia hapo. Nilikuwa nakuua kule ili usife huku, ndugu yangu."

"Ungeniambia."

"Baada ya yaliyompata Esta? Usingekubali niliandike jina lako. Na wewe ni wa Chini. Tangu afariki hujakubali kuingia hata siku moja."

"Basi turudi nyuma. Nitamwingiza mwenyewe sasa hivi."

"Kwa faili lipi?"

Kalisti akakumbuka kadi iliyojaa. Upande wa mbele watu walikuwa bado wanaliimba jina lake.

"Wanajua?" aliuliza.

"Enock alinipitia kabla sijafika hapa. Amesema sasa hakuna ujanja tena." Masalu aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alimtazama. "Nenda Ushirombo. Leo hii. Panda chochote kinachoondoka."

"Shoka langu liko duarani."

Masalu alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Lakini Kalisti hakuwa anatania. Fundi haachi shoka la baba yake kwa watu wanaomtakia kifo. Tena kuna kiburi ndani ya mwoga ambacho jasiri hanacho. Alijiambia kwamba ataenda asubuhi, mchana kweupe, achukue chake, aseme hashuki, na aondoke kwa miguu yake mbele ya watu wote.

Asubuhi ya Ijumaa pampu ilikuwa inanguruma. Vijana wote walikuwa wamefika mapema kuliko kawaida yao, wamelizunguka duara.

"Mwangaluka," Kalisti aliwasalimu.

"Mwangaluka," waliitika, wakitazama chini. Masalu alikuwa amesimama kando na fimbo yake. Hakuitika.

"Nimekuja kuchukua shoka," Kalisti alisema.

"Tumeshalishusha, mzee," Enock alijibu kwa heshima, akimnyooshea kamba. "Liko njia ya tatu. Linakungoja."

Kalisti hakuipokea kamba. "Sishuki," alisema.

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kirefu. "Jana umekimbia pango, leo unakimbia duara," mmoja alisema.

"Sishuki."

Enock akapiga mkono wa winchi kwa chuma, mlio ukasikika mpaka chini. "Miezi minne, mzee. Watoto wetu wanakula nini? Unajua jana ulichofanya?"

"Sishuki," Kalisti alisema mara ya tatu, na sauti ilimtoka nyembamba hata yeye mwenyewe hakuitambua.

Safari hii hakuna aliyecheka wala kukasirika. Walinyamaza tu, na ndani ya ule ukimya Masalu akasogea mbele. Akavua koti akalitundika kwenye nguzo. Akailaza fimbo yake chini, taratibu, kando ya mdomo wa duara. Kisha akaichukua kamba mkononi mwa Enock na kuanza kujifunga kiunoni.

"Masalu," Kalisti aliita.

"Kazi ni kazi. Njia ya tatu inataka mtu."

Hapo ndipo Kalisti alipokumbuka kwamba jana, banda zima, watu mia hivi wanaojua kila jani la gemu lile, hakuna hata mmoja aliyeuliza bibi ameenda wapi. Yeye aliona, akanyamaza, kwa kuwa alikuwa amebebwa juu na jina lake linaimbwa. Sasa alitakiwa kusema maneno mawili tu, nashuka mimi. Aliyatafuta akayapata, yakafika mpaka kwenye meno. Lakini chini ya yale maneno palikuwa na furaha, furaha ya aibu ya mtu aliyegundua kwamba atakula chakula cha mchana. Furaha hiyo ikayazuia hapo hapo.

"Timba la kushoto limeoza," alisema badala yake. "Usiliguse."

"Wabeja," Masalu alishukuru. Akatikisa kichwa kidogo, kama walivyokuwa wakiagana pale njia panda, akashuka.

Enock alizungusha winchi. Kamba ilikuwa na vitambaa vyekundu vya kuhesabia njia. Cha kwanza kilipita mdomo wa duara. Cha pili kikapita baada ya muda, na mwanga wa tochi ya Masalu ukawa mdogo, kisha ukapotea. Kitambaa cha tatu kilipofika mdomoni kamba ililegea, Enock akaachia winchi, na wote wakainama kuusikilizia mwamba.

Kalisti aliiokota ile fimbo, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuigusa. Bado ilikuwa na joto la mkono wa Masalu.