Sindano Ndani ya Shuka

Redio, kama walivyomwita kazini, alichomwa na sindano Jumanne asubuhi, saa tatu kasorobo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akanyamaza katikati ya hadithi.

Walikuwa wawili katika chumba cha kuchambulia, pale ambapo mifuko ya mashuka machafu kutoka wodini hufunguliwa kabla ya kupelekwa kwenye mashine za kufulia. Mama Pacha alikuwa upande wa pili wa meza, akitenga mablanketi na magauni ya chumba cha upasuaji, sikio moja likisikiliza Redio akisimulia ugomvi wa majirani zake. Shemeji mtu alikuwa ameshapanda juu ya paa na kukataa kushuka. Hapo sauti ikakatika.

Mama Pacha akainua macho. Redio alikuwa amesimama na shuka mkononi, anatazama kidole chake cha shahada. Glavu zake nene za mpira alikuwa amezianika dirishani. Alizivua kwa sababu ya joto, kama walivyofanya wote msimamizi akiwa ofisini. Kwenye mkunjo wa shuka ilikuwa imenasa sindano, na ndani ya bomba lake dogo kulikuwa na damu.

"Usikiminye," Mama Pacha alisema. "Njoo kwenye maji."

Akamshika kifundo cha mkono, akafungua bomba, akamwosha kwa sabuni, akasuuza, akamwosha tena. Maji yalikuwa yakiwarukia wote wawili kifuani.

"Dada," Redio alisema, "mbona wewe ndiye unayetetemeka?"

Mama Pacha alifunga bomba. Aliichukua ile sindano kwa koleo, akaitia kwenye kisanduku cha njano cha sindano zilizotumika. "Sasa twende kwa muuguzi wa wafanyakazi. Kuna dawa. Ukianza mapema zinazuia."

"Nikienda ataandika. Akiandika, wataniuliza glavu zilikuwa wapi. Na mikataba inasainiwa Ijumaa." Redio alijaribu kucheka. "Ni kidole tu, dada. Nina vingine tisa."

Mama Pacha aliyajua maneno hayo, maana aliwahi kujiambia mwenyewe karibu neno kwa neno. Miaka sita iliyopita, kwenye meza hiyo hiyo, sindano ilimchoma kiganjani akiwa mikono mitupu. Alikuwa na watoto pacha wa miaka mitatu na mkataba uliobaki wiki mbili. Akaosha, akafunga kitambaa, akanyamaza. Miezi mitatu baadaye alikwenda kupima mbali na hapo, katika zahanati ambako hakuna aliyemjua, na akaambiwa ana virusi vya UKIMWI. Tangu siku hiyo alimeza kidonge kimoja kila asubuhi. Mume wake alijua. Kazini hakujua hata mmoja.

Angeweza kumwambia Redio hayo yote kwa dakika mbili. Lakini Redio hakuwa na kifua. Watu walisema ukitaka habari ifike wodi zote kabla ya chai, usipande ngazi, mnong'oneze Redio. Mwaka uliopita palikuwa na mfagizi aliyevumishiwa kwamba anaumwa. Baada ya wiki moja alitengewa kikombe chake, baada ya wiki mbili watu walianza kusimama benchi zima likiwa wazi kuliko kukaa karibu naye. Mwezi wa pili akaacha kazi mwenyewe. Mama Pacha alijua uvumi ule ulitoka kwenye mdomo gani.

Basi akaogopa. Alijaza mashine ya kwanza, akajaza ya pili, na kila aliposema moyoni, "Bwana, nipe ujasiri," alikiona kile kikombe kimewekwa peke yake kwenye ukingo wa sinki.

Wakati wa chakula alijaribu njia ya mkato. Akasogea karibu na Redio akamwambia Mungu ni mwema, amtumaini, naye atamsaidia. Aliyasikia maneno yenyewe yakitoka makavu kama mkate wa juzi.

Redio akaweka kijiko chini. "Usinihubirie, dada. Kama huna la kuniambia, bora unyamaze kama siku zote."

Usiku ule Mama Pacha hakulala vizuri, na asubuhi ya Jumatano alipomwona Redio alijua naye hakulala. Uso ulikuwa umeparara. Alikuwa amesoma kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu, na alikuwa akikificha kidole ndani ya ngumi kana kwamba mtu angekiona na kujua. Hakusimulia lolote. Wenzao wa mashine ya kupigia pasi walimtania kwamba betri zimekwisha. Kadiri saa zilivyosogea, Mama Pacha alizihesabu: saa ishirini na nne, ishirini na sita. Muuguzi aliwahi kuwafundisha kwamba mwisho ni saa sabini na mbili, na kwamba kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa.

Saa tisa alasiri waliachwa wawili kukunja mashuka safi. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnavuta, mnasogeleana mpaka mikono ikutane, mnaachana tena. Walikunja manne. Kwenye la tano, pembe zilipokutana na uso wa Redio ukawa karibu kiasi cha kumsikia akipumua, Mama Pacha alisema, "Mimi ninavyo."

"Una nini?"

Mama Pacha hakuziachia pembe. "Virusi. Mwaka wa sita huu. Sindano kama yako, meza ile ile, na sikwenda kwa muuguzi kwa sababu ile ile."

Redio akaachia pembe. Shuka likaanguka sakafuni kati yao, na hakuna aliyeinama kuliokota. Mama Pacha alitazama mdomo wa mwenzake, akaona jinsi ulivyofunguka, akafikiri, basi, nimekwisha, kesho hospitali nzima.

"Na wewe mtu wa kanisani," Redio alisema kwa sauti ndogo. "Uliomba?"

"Miezi mitatu. Niliomba majibu yawe safi."

"Na hayakuwa."

"Hayakuwa."

"Sasa huyo Mungu wako alikusaidia nini?"

Kanisani waliwahi kufundishwa namna ya kujibu swali kama hilo, wakapewa na kadi yenye mistari ya kunukuu. Haukumjia hata mmoja. Kilichomjia ni stoo ya mablanketi, na giza lake, na harufu ya dawa ya nondo.

"Siku niliyopewa majibu nilikuja kazini," alisema. "Sikuwa na pa kwenda. Niliingia stoo nikafunga mlango, nikakaa chini. Niliogopa mpaka meno yakawa yanagongana. Hata kuomba sikuweza. Nilisema tu, 'Yesu, usiniache humu peke yangu.' Sikusikia sauti, mdogo wangu, nisikudanganye. Sikuona mwanga. Lakini unajua mtu akiingia chumbani nyuma yako, unajua yupo kabla hujageuka? Ilikuwa hivyo. Hofu haikuondoka. Ilikaa pale pale. Ila sikuwa nayo peke yangu, na nikaweza kusimama."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda nyumbani nikamwambia mume wangu, jambo nililoliogopa kuliko kaburi. Alitoka bila kusema neno, siku mbili sikujua aliko. Siku ya tatu akarudi, akasema twende tukapime wote. Yeye yuko salama mpaka leo. Watoto pia. Mimi nakunywa dawa, daktari anasema virusi havionekani tena kwenye damu." Akameza mate. "Kwa nini hakuniepusha, sijui. Nimemuuliza. Bado namuuliza. Ninachokijua ni kwamba hajaondoka. Na ninajua kwamba wewe saa zako hazijaisha. Mimi nilikaa kimya, na umesikia kilichonipata. Twende sasa."

"Na glavu?"

"Nitasema na mimi sikuwa nimevaa. Ni kweli, zilikuwa mfukoni."

Walipita kwenye korido ndefu inayounganisha jengo la kufulia na wodi. Redio alitembea karibu na ukuta. Mara mbili alisimama, na mara ya pili akageuka kabisa kutaka kurudi. Mama Pacha hakumvuta. Alimpa mkono tu, Redio akaushika, akaubana mpaka mifupa ikauma.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisikiliza, akaandika, akatoa damu ya kipimo cha kwanza. Sindano ilikuwa ya mgonjwa gani? Haijulikani. Saa ngapi zimepita? Thelathini na zaidi. "Ungekuja jana ile ile," alisema, "lakini hujachelewa. Wengi wanaochomwa hawapati. Na ukimeza hizi siku ishirini na nane bila kuruka, nafasi inapungua zaidi. Kuahidi siwezi."

Redio alimeza kidonge cha kwanza pale pale, maji yakimwagika kidevuni.

Ijumaa msimamizi aliwaita wote wawili. Aligomba, akapiga meza, kisha akawapa barua za onyo na mikataba ya miezi mitatu badala ya mwaka. Kwa Mama Pacha hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kuingia kazini kila asubuhi bila kujua kama siri yake imetangulia kufika. Siku moja wanawake wawili wa pasi walinyamaza ghafla alipofungua mlango. Akasimama pale na mkoba mkononi mpaka mmoja wao akamwuliza kama ana habari kwamba wanapunguza wafanyakazi wa zamu ya mchana. Alikwenda chooni akaegemea ukuta hadi moyo ukatulia.

Dawa zilimtesa Redio. Alitapika kwenye ndoo ya kuzolea maji, akawaambia wenzake ni tumbo. Mama Pacha alikuwa akimkingia kifua na kumsafishia ndoo. Wiki ya tatu, wameketi juu ya mifuko ya mashuka, Redio akasema, "Leo umemwambia nini?"

"Nani?"

"Huyo wa stoo."

Mama Pacha akafikiri kidogo. "Nimemwambia unaogopa. Na kwamba mimi pia naogopa."

"Unaogopa nini, na wewe yamekwisha kukupata?"

"Nakuogopa wewe. Kwamba utasema."

Redio alitazama mikono yake. Akakisugua kidole kilichochomwa. "Yule mfagizi wa mwaka jana," alisema mwishowe. "Ilikuwa mimi."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijua, na bado ukaniambia yako." Redio akatikisa kichwa, polepole. "Hata mama yangu asingethubutu."

Wakarudi kazini. Lakini kuanzia siku hiyo, alipokuwa hajisikii vizuri, Redio alimwomba Mama Pacha amwombee pale pale alipo, kwa sauti, ili asikie yanayosemwa juu yake. Mama Pacha, ambaye kanisani hata kutoa tangazo kulimshinda, aliomba kwa maneno machache yale yale, mkono kwenye bega la mwenzake.

Kipimo cha wiki ya sita kilikuwa safi. Cha mwisho kilikuwa baada ya miezi mitatu, saa sita mchana. Mama Pacha alisubiri kwenye benchi nje ya chumba cha muuguzi, na hofu iliyomshika ilikuwa ile ile ya zahanati ya miaka sita nyuma. Alijaribu kuomba akajikuta anasoma tu tangazo la kunawa mikono, mara tano, mara sita.

Mlango ukafunguka. Redio alitoka na karatasi. Akamkabidhi. Mama Pacha akasoma, akaanza kulia.

"Hiyo ni furaha?" Redio aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. "Furaha," alisema. "Na nyingine ni wivu. Nisamehe. Nimejiuliza kwa nini wewe na si mimi."

Redio akaketi kando yake, akamwekea kichwa begani, nao wakakaa hivyo, watu wakipita na machela na sinia za dawa. Kisha wakaondoka kwa njia ya nje, kando ya ukuta wa nyuma, penye mitungi ya gesi na kamba za kuanikia.

Hapo Redio akasimama. "Dada, mimi sijui kama ninaamini. Lakini kwa siku zote hizi nimekuwa nikiongea naye kupitia kwako, kama mtu asiye na simu. Nataka niongee mwenyewe. Mtu anaanzaje?"

Mama Pacha alishikwa na woga wa mwisho, woga wa kukosea. "Anza na kinachokuogopesha," alisema.

Redio hakufumba macho, hakujua kama hufumbwa. Alitazama mashuka kwenye kamba akaanza kusema, na alisema kama alivyosimulia mambo yote, kwa marefu na mapana, na nani alisema nini na nani alijibu nini. Alianza na kidole. Akaeleza joto, na glavu, na usiku alioutumia akisoma kwenye simu. Akashukuru, akasahau ameshukuru, akashukuru tena. Alipofika kwa yule mfagizi sauti ikashuka, akamtaja kwa jina lake, akasema hajui anakaa wapi siku hizi lakini atamtafuta, na kwamba anaogopa sana siku atakayompata. Mama Pacha alisimama kando yake, kichwa kimeinama, bila kumkatiza.

Alipomaliza akajipangusa uso kwa mkono wa gauni. "Inatosha hivyo, au kuna maneno ya kufungia?"

"Sema amina."

"Amina," Redio alisema, nao wakarudi ndani, maana mifuko ya wodi ya watoto ilikuwa imeshashushwa na hakuna aliyekuwa ameanza kuifungua.