Gari Lililolalia Upande wa Abiria

Mi sifichi: nina wivu, na wivu wangu hauna breki. Mume wangu Shakuru aliipeleka Corolla yake ikafungwa resori fupi, yaani springi, ili ikae chini, kama gari za vijana wa mtaa wa Gihosha. Ikarudi nyumbani imelala upande mmoja. Upande gani? Wa abiria!

Jirani yangu Sijaona, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akaitazama akacheka. "We Raihana, hii gari inabeba mutu muzito. Na si wewe, we mwembamba kama mufagio." Nikacheka naye. Ndani nilikuwa nawaka.

Maana tangu siku ile Shakuru hakunipakia hata mara moja. Kila nikimwambia anipeleke kwa mama, kule Kanyosha, jibu ni lile lile: "Apana, cheri, gari haijatulia, itakuumiza mugongo." Mgongo wangu! Nikapanda basi na ndagala zangu, dagaa wa kumpelekea mama, mapajani, huku kichwani namwona mwanamke mnene, mwenye bangili, amejaa kwenye kiti changu. Kila mnene niliyepishana naye sokoni nilimkagua toka kilemba hadi viatu. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jumamosi nikamwambia, "Leo twende wote kwa fundi. Nataka nione kinacholemea." Nikiwa bado nafunga mtandio, nikasikia gari linaondoka. Nikamfuata kwa miguu. Garaji ya fundi Radjabu ni mtaa wa pili tu.

Nilikuta Radjabu ameshainyanyua gari kwa kriki, ametoa gurudumu, mkono uko ndani, Shakuru kasimama kando. "Mama, njoo uone," akasema. "Aliyefunga hizi resori alisahau mupira wa kukalia huku. Chuma imekaa juu ya chuma, ndiyo maana gari inalalia huku. Tena bolti alizikaza gari ikiwa hewani, zimeshika vibaya."

Mpira! Yaani kiduara cha mpira ndicho kilichoninyima usingizi! Alhamdulillah, nusura nimkumbatie fundi na grisi zake. Nilimtazama Shakuru nikaona haya kweli. Yule mnene wangu nikamfukuza kichwani, nikaapa jioni nitamkaangia mume wangu mukeke, samaki anayempenda.

Radjabu akaweka mpira mpya, akarudisha gurudumu, akaishusha gari chini.

"Sasa nakaza bolti gari ikiwa na uzito wake. Shakuru, kaa kwa usukani. Mama, nawe kaa mahali pako pa siku zote."

Nikaingia kwa madaha. Magoti yakagonga mbele. Nikajaribu kukunja miguu, wapi! Mi mrefu, kiti changu huwa nyuma kabisa, na Shakuru mwenyewe hunitania eti nina miguu ya korongo. Aliyekaa hapa hakuwa mnene hata kidogo. Alikuwa mfupi.

"Sukuma kiti nyuma, mama," Radjabu akasema toka chini ya gari.

Mkono wa Shakuru ulishafika chini ya kiti changu, kwenye kile chuma cha kukisogeza. Nikaushika.

"Acha."

"Cheri, sikiliza..."

"Nimesema acha!" Nikatoa kichwa dirishani. "Kaza hivi hivi, fundi. Hapa si mahali pangu."

Spana ikaanza kulia chini yetu. Shakuru alikuwa anatazama usukani.